Henry Brougham: Ulimi Mkali wa Edinburgh

Henry Brougham alizaliwa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, tarehe 19 Septemba 1778. Kwa upande wa baba, ukoo wake ulitoka Westmorland, kaskazini mwa Uingereza. Mama yake, Eleanor Syme, alikuwa binti wa dada yake William Robertson, mwanahistoria na mkuu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Malezi na elimu yake vilikuwa vya Kiskoti kabisa. Alisoma katika shule ya sekondari ya mji huo, kisha akaingia chuo kikuu akiwa bado kijana mdogo na kusoma hisabati, sayansi na sheria. Alipokuwa na umri wa miaka 17 hivi, makala yake kuhusu mwanga ilichapishwa na Shirika la Kifalme la London, chombo cha juu cha wanasayansi wa Uingereza. Mwaka 1800 alipokelewa katika chama cha mawakili wa Uskoti.

Hakupata kazi nyingi. Wakati huo Uskoti ilikuwa mikononi mwa Henry Dundas, mwanasiasa wa chama cha Tory aliyegawa vyeo, pensheni na hata nafasi za ujaji kwa wafuasi wake. Wakili kijana aliyejulikana kuwa upande wa wapinzani, yaani chama cha Whig, alikaa mahakamani akisubiri wateja wasiokuja. Brougham aliutumia muda huo vibaya kwa makusudi: katika ziara za mahakama za kusini mwa Uskoti alimsumbua jaji mzee Lord Eskgrove kwa mizaha hadi mzee huyo akawa anamwona kama adhabu ya maisha yake. Aliyeyahifadhi masimulizi hayo ni Henry Cockburn, wakili mwenzake, ambaye kumbukumbu zake ndizo picha bora tuliyo nayo ya Edinburgh ya wakati ule.

Vijana hao wasio na wateja walihitaji pa kumwagia akili zao, na mwezi Oktoba 1802 walianzisha jarida, Edinburgh Review. Waasisi walikuwa Sydney Smith, kasisi wa Kiingereza mwenye ucheshi; Francis Jeffrey, wakili aliyekuja kuwa mhariri kwa zaidi ya robo karne; Francis Horner, mwanauchumi; na Brougham mwenyewe. Jarida lilitoka mara nne kwa mwaka, makala zake hazikuwa na majina ya waandishi, na ukali wake ulikuwa mgeni kwa wasomaji waliozoea wahakiki wa kusifia vitabu vya wachapishaji wao. Brougham aliandika kuhusu chochote: makoloni, uchumi, elimu, fizikia, mashairi.

Kutokuwepo kwa jina kulimpa ujasiri uliopita kiasi. Mwaka 1803 na 1804 alizishambulia hotuba za Thomas Young, mwanasayansi aliyedai kwamba mwanga husafiri kama mawimbi. Young alijibu kwa kijitabu ambacho, kwa kauli yake mwenyewe, kiliuzwa nakala moja tu. Baadaye utafiti wa Mfaransa Augustin Fresnel ulionyesha kwamba Young ndiye aliyekuwa sahihi. Mwaka 1808 ikawa zamu ya mshairi kijana aliyeitwa Byron, ambaye kitabu chake cha kwanza kiliraruliwa katika jarida hilo. Byron alijibu kwa shairi la kejeli lililompa umaarufu, lakini alimlenga Jeffrey, akidhani ndiye mwandishi. Uhakiki ule kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa Brougham.

Edinburgh ilikuwa ndogo kwa mtu wa namna hiyo. Mwaka 1803 alihamia London, akajisajili Lincoln's Inn, moja ya vyama vinne vya kale vya mawakili wa Uingereza, na mwaka 1808 akaruhusiwa kusimama katika mahakama za huko. Sheria ya Uskoti na ya Uingereza ni mifumo miwili tofauti, hivyo ilimbidi aanze upya. Mwaka huohuo wafanyabiashara wa miji ya viwanda na bandari walimkodi apinge bungeni amri za serikali zilizobana biashara ya meli za nchi zisizohusika katika vita dhidi ya Napoleon. Hakushinda mara moja, lakini alijifunza jambo ambalo mawakili wengi hawakuwahi kulijua: namna ya kukusanya mashahidi, maombi ya wananchi na magazeti, kisha kuvisukuma vyote bungeni kwa pamoja.

Aliingia Bunge la Makabwela mwaka 1810 kwa kiti cha Camelford, mji mdogo ambao wapiga kura wake wachache walimchagua yeyote aliyetajwa na tajiri aliyeumiliki. Mtu aliyekuja kuongoza vita dhidi ya viti vya aina hiyo aliingia kwa mlango huohuo, kwa sababu kwa asiye na mali hapakuwa na mlango mwingine.

Kazi yake ya kwanza yenye uzito ilihusu watumwa. Bunge lilikuwa limepiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini adhabu ilikuwa faini na kutaifishwa kwa meli. Wafanyabiashara walipiga hesabu: safari moja ikifanikiwa, faida ililipa hasara ya meli kadhaa zilizokamatwa. Faini ikawa gharama ya biashara kama matanga na chakula cha mabaharia. Mwaka 1811 Brougham alipitisha sheria iliyoifanya biashara hiyo kuwa kosa la jinai, na mwenye kupatikana na hatia aliweza kupelekwa uhamishoni ng'ambo kwa miaka hadi 14. Tajiri wa Liverpool hangeweza tena kulipa na kuondoka. Katika maisha yote ya Brougham ni vigumu kutaja kitendo kilicholeta matokeo ya haraka zaidi kwa maneno machache zaidi.

Mwezi Juni 1812 zile amri za biashara nazo zilifutwa, baada ya yeye kuwaleta bungeni mashahidi mfululizo kwa wiki kadhaa. Marekani, iliyokuwa imechukizwa nazo kwa miaka, ilitangaza vita tarehe 18 mwezi huohuo, kabla habari za kufutwa hazijavuka Bahari ya Atlantiki. Katika uchaguzi wa mwaka huo aligombea Liverpool yenyewe, mji uliotajirika kwa watumwa, akashindwa na mwanasiasa wa Tory, George Canning. Alirudi bungeni mwaka 1815, na mwaka uliofuata maombi aliyoyapanga kutoka kila kona ya nchi yaliiangusha kodi ya mapato kwa kura 238 dhidi ya 201.

Kesi iliyomfanya ajulikane hadi vijijini ni ya Malkia Caroline. Caroline wa Brunswick aliolewa mwaka 1795 na mrithi wa kiti cha ufalme. Ndoa ilivunjika karibu tangu siku ya kwanza. Mwaka 1814 aliondoka nchini, akazunguka Ulaya na nchi za Bahari ya Kati akiwa na Mwitaliano aliyeitwa Bartolomeo Pergami, mtumishi aliyepandishwa cheo hadi kuwa mkuu wa nyumba yake. Januari 1820 mfalme mzee alifariki, na mume wa Caroline akawa George wa Nne. Serikali ilikuwa tayari kumlipa Caroline pauni 50,000 kwa mwaka ili asirudi na asijiite malkia. Brougham, mshauri wake wa sheria, alikaa na pendekezo la namna hiyo kwa wiki kadhaa bila kulifikisha kwa mteja wake. Sababu hazijaeleweka vizuri hadi leo, na watu waliomfahamu walianza kujiuliza alikuwa akimtumikia nani. Caroline hakusubiri. Alishuka Dover mwezi Juni, na umati ukampokea kwa shangwe, kwa kuwa watu walimchukia mumewe kuliko walivyojali mwenendo wake yeye.

Mfalme alitaka talaka. Serikali haikupeleka shauri mahakamani, ambako mwenendo wa mume nao ungechunguzwa. Ilipeleka muswada katika Bunge la Malodi ili kumvua malkia cheo na kuvunja ndoa kwa kosa la uzinzi. Malodi wakasikiliza ushahidi kama majaji, kuanzia mwezi Agosti. Shahidi wa kwanza alikuwa Teodoro Majocchi, mtumishi wa zamani wa malkia. Caroline alipomwona anaingia alipiga ukelele na kutoka ukumbini. Majocchi alieleza kwa ufasaha jinsi vyumba vya malkia na Pergami vilivyopangwa, nani alilala wapi, hema gani ilifungwa wakati gani.

Kisha Brougham akasimama kumdodosa. Hakumkaripia wala kumwita mwongo. Alimuuliza mambo madogomadogo ya nyumba zilezile na safari zilezile: watumishi wengine walilala wapi, vyumba vingine vilikuwaje, nani mwingine alikuwepo. Majocchi alijibu kwa Kiitaliano, »sikumbuki«. Swali jingine, »sikumbuki«. Akaendelea hivyo mara kadha wa kadha, hadi ikawa dhahiri kwamba shahidi alikumbuka kila kitu kilichomdhuru malkia na hakukumbuka chochote kingine. Siku chache baadaye jibu lile, kwa Kiitaliano chake, lilikuwa midomoni mwa watoto wa mitaani London na kwenye katuni za madirishani mwa maduka.

Tarehe 3 na 4 Oktoba Brougham alitoa hotuba ya utetezi. Humo ndimo alimoeleza wajibu wa wakili kwa maneno ambayo shule za sheria bado huyajadili: wakili anayetimiza wajibu wake humjua mtu mmoja tu duniani, naye ni mteja wake, ni lazima amwokoe kwa njia zote, bila kujali hasara itakayowapata wengine, hata kama nchi yake itaingia katika vurugu. Wasikilizaji wa kawaida walisikia falsafa, lakini mfalme alisikia tishio. Mwaka 1785 George alikuwa amefunga ndoa kwa siri na Maria Fitzherbert, mjane Mkatoliki, na kwa sheria ya urithi wa ufalme ya wakati huo aliyeoa Mkatoliki alipoteza kiti. Brougham hakulitaja jina hilo, wala hakuhitaji kulitaja.

Muswada ulisomwa mara ya pili kwa kura 123 dhidi ya 95. Tarehe 10 Novemba, uliposomwa mara ya tatu, kura zilikuwa 108 dhidi ya 99. Ziada ya kura tisa haikutosha kuupeleka katika Bunge la Makabwela, na Waziri Mkuu Lord Liverpool akautangaza kuwa umeondolewa. London iliwashwa taa usiku ule kwa furaha. Ushindi huo haukumsaidia sana Caroline: Julai 1821 alizuiwa milangoni siku ya kutawazwa kwa mumewe, na mwezi uliofuata alifariki. Brougham kwa upande wake akawa wakili mwenye wateja kuliko uwezo wake wa kuwahudumia.

Katika miaka ya 1820 aligeukia elimu. Alikuwa ameshaongoza kamati ya bunge iliyochunguza hali ya watoto maskini wa London tangu mwaka 1816, na muswada wake wa shule za parokia wa mwaka 1820, ulioiga mfumo wa Uskoti aliokulia, ulikwama katika ugomvi wa makanisa. Mwaka 1826 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chuo kikuu kipya cha London, kinachojulikana leo kama University College London. Oxford na Cambridge zilikuwa za waumini wa Kanisa la Uingereza. Chuo kipya hakikumuuliza mwanafunzi dini yake, na Wakatoliki, Wayahudi na Waprotestanti wa madhehebu mengine walipata pa kusomea. Mwaka huohuo alianzisha shirika la kusambaza maarifa yenye manufaa, lililochapisha vitabu vya bei ndogo kuhusu sayansi na ufundi. Jarida lake la senti, Penny Magazine, lililoanza 1832 likiwa na picha za kuchongwa, liliuza nakala 200,000 katika siku zake nzuri. Waliolinunua walikuwa zaidi watu wa tabaka la kati kuliko vibarua waliokusudiwa, na wacheshi wa siku hizo walimchora Brougham kama mtu anayewalisha wenye njaa vitabu vya hesabu.

Suala la watumwa halikumtoka. Mwaka 1823 watumwa wa Demerara, katika nchi inayoitwa Guyana sasa, waliinuka dhidi ya mabwana zao. Mmisionari John Smith alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi kwa kuwachochea, akahukumiwa kifo, akafariki gerezani kwa kifua kikuu mwaka 1824. Brougham alilipeleka suala hilo bungeni, akachambua mwenendo wa kesi ile hatua kwa hatua, akashindwa kwa kura 193 dhidi ya 146. Hata hivyo kifo cha Smith kiliwageuza waumini wengi ambao hadi hapo walikuwa hawajasikia mengi kuhusu mashamba ya miwa.

Tarehe 7 Februari 1828 alizungumza kwa saa sita kuhusu kasoro za sheria za Uingereza: ucheleweshaji, gharama, mahakama zilizogongana, taratibu zilizopitwa na wakati kwa karne mbili. Inasimuliwa kwamba alijiburudisha kwa machungwa aliyoyaweka katika kofia yake. Bunge lilikuwa karibu tupu kabla hajamaliza, lakini tume zilizoundwa baada ya hotuba hiyo zilifanya kazi kwa miaka mingi.

Uchaguzi wa mwaka 1830 ulimpeleka bungeni kama mbunge wa Yorkshire, jimbo kubwa kuliko yote, ingawa hakuwa na hata shamba huko. Ni kampeni dhidi ya utumwa na kwa ajili ya marekebisho ya Bunge iliyomwingiza. Mwezi Novemba serikali ya Tory ilianguka, na Earl Grey akaunda baraza la mawaziri la Whig. Brougham akawa tatizo. Kumwacha nje kulikuwa hatari, na kumwacha katika Bunge la Makabwela akiwa na nguvu ya Yorkshire nyuma yake kulikuwa hatari zaidi. Alikataa kuwa mwanasheria mkuu wa serikali. Ndipo akapewa cheo cha Lord Chancellor, mkuu wa mahakama na spika wa Bunge la Malodi, akawa Baron Brougham and Vaux. Ilikuwa heshima kubwa, na pia njia ya adabu ya kumtoa katika uwanja aliokuwa na nguvu nao.

Muswada wa kurekebisha Bunge, uliolenga kufuta viti kama kile cha Camelford, ulipita hatua ya pili mwezi Machi 1831 kwa kura moja, 302 dhidi ya 301. Baada ya uchaguzi mpya ulifika kwa Malodi, na usiku wa tarehe 7 Oktoba Brougham aliutetea kwa hotuba ndefu aliyoimaliza kwa kupiga magoti, akiwasihi wasiukatae. John Campbell, Mskoti mwenzake aliyekuja kuwa Lord Chancellor baadaye, aliandika kwamba Brougham alikuwa amekunywa mvinyo wa moto uliotiwa viungo hadi marafiki wakaogopa hataweza kunyanyuka. Campbell alikuwa mpinzani wake wa miaka mingi, na maelezo yake yapokewe kwa tahadhari. Kupiga magoti kwenyewe hakuna aliyekukana. Malodi waliukataa muswada kwa kura 199 dhidi ya 158, ghasia zikazuka Bristol na kwingineko, na ni mwezi Juni 1832 tu, baada ya mfalme mpya, William wa Nne, kuahidi kuongeza malodi wapya ikibidi, ndipo sheria ilipopita. Huko Uskoti, ambako rafiki yake Jeffrey ndiye aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, idadi ya wapiga kura iliruka kutoka 4,500 hivi hadi 65,000 hivi.

Miaka minne ya Brougham katika cheo hicho ilizaa taasisi kadhaa: mahakama ya mufilisi mwaka 1831, Mahakama Kuu ya Jinai ya London mwaka 1834, na mwaka 1833 Kamati ya Mahakama ya Baraza la Faragha la Mfalme, iliyopewa kazi ya kusikiliza rufaa kutoka makoloni. Kabla ya hapo rufaa hizo zilisikilizwa na wajumbe wowote waliopatikana, wengine wasiojua sheria.

Kamati hiyo ndiyo inayoiunganisha kazi ya Brougham na Afrika Mashariki. Katika enzi za ukoloni, mtu aliyeshindwa katika Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki alikuwa na mlango mmoja tu uliobaki, nao ulikuwa London. Mwaka 1954 Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria waliomba ruhusa ya kukata rufaa huko, wakakataliwa. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1950 wazee wa kamati waliamua pia kesi ya wakfu wa familia iliyotoka katika Mahakama hiyo ya Rufaa: walifuata uamuzi wao wenyewe wa mwaka 1894 kuhusu India, wakasema wakfu unaowanufaisha wana na wajukuu huku maskini wakiachiwa fungu la mbali ni batili, ingawa wanazuoni wa Kiislamu waliutambua. Taasisi iliyoundwa ili rufaa zisikilizwe na wajuzi wa sheria haikuwa na wajuzi wa kila sheria.

Mwaka 1833 pia ulipitishwa muswada wa kukomesha utumwa katika makoloni mengi ya Uingereza, kuanzia tarehe 1 Agosti 1834. Wamiliki walilipwa fidia ya pauni milioni 20; waliokuwa watumwa hawakulipwa kitu, na wengi walilazimishwa kuendelea kufanya kazi kwa mabwana walewale kwa jina la uanagenzi. Brougham alikuwa miongoni mwa walioshinikiza uanagenzi huo ufutwe, nao ukafutwa mwaka 1838.

Wakati huo hakuwa tena waziri. Mdomo uliponza kichwa. Mawaziri wenzake walimshuku kuvujisha siri za baraza kwa magazeti na kuandika makala dhidi yao. Majira ya joto ya 1834 alizunguka Uskoti akihutubia kila karamu, akijigamba kuhusu ukaribu wake na mfalme, na akiwa amebeba Muhuri Mkuu wa nchi, alama ya cheo chake. Katika nyumba moja ya Rothiemurchus wanawake waliokuwa wageni waliuficha kwa mzaha na kumfanya autafute akiwa amefungwa macho. Mfalme William wa Nne hakucheka. Novemba aliifukuza serikali nzima, na chama cha Whig kiliporudi madarakani mwezi Aprili 1835, Waziri Mkuu Melbourne aliuweka muhuri chini ya makamishna badala ya kumrudishia Brougham. Aliishi miaka 33 zaidi na hakupewa wadhifa wowote wa serikali tena.

Hakunyamaza. Katika Bunge la Malodi aliendelea kusukuma miswada ya sheria, na ule wa mwaka 1851 uliwaruhusu wadai na wadaiwa katika kesi za madai kutoa ushahidi wao wenyewe, jambo lililokuwa limekatazwa. Gari jepesi la farasi alilotengenezewa mwishoni mwa miaka ya 1830 likachukua jina lake. Mwaka 1839 habari za uongo zilienea kwamba amekufa katika ajali, magazeti yakachapisha tanzia, na wengi wakaamini kwamba ni yeye aliyezianzisha ili asome yatakayoandikwa. Mwaka 1848 aliomba uraia wa Ufaransa ili agombee ubunge huko, akaacha alipoambiwa kwamba angepoteza cheo chake cha Uingereza.

Ufaransa ilimjia kwa bahati. Mwishoni mwa 1834, akielekea Italia na binti yake mgonjwa, Eleonora, alizuiwa mpakani kwenye mto Var kwa karantini ya kipindupindu. Alirudi nyuma hadi Cannes, kijiji cha wavuvi, akapapenda, akanunua ardhi na kujenga nyumba aliyoipa jina la binti huyo. Eleonora alifariki mwaka 1839 na kuzikwa Lincoln's Inn, lakini baba yake aliendelea kwenda Cannes kila msimu wa baridi, akamshawishi Mfalme Louis-Philippe agharimie gati, na matajiri wa Kiingereza wakamfuata. Alifariki huko tarehe 7 Mei 1868, akiwa na umri wa miaka 89, na akazikwa hukohuko.

Kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa mwaka 1871 katika juzuu tatu. Aliziandika uzeeni, akitegemea kumbukumbu iliyokuwa imechoka, na wanahistoria hawazitumii bila kuzilinganisha na nyaraka nyingine. Humo imo hadithi iitwayo »Memnon«, iliyotolewa kama utunzi wake wa ujanani. Ni tafsiri ya hadithi ya Voltaire.